Seringe ilikuja, kolera ikafuata: uchambuzi wa kisa kimoja kando ya ziwa, Goma

Kisa hiki ninakitumia ninapokaa na mareko, wale wahamasishaji wa afya wa mtaani, na wakati mwingine na wanafunzi wangu wa darasa la mwisho wanaodhani somo la kufikiri ni la kupasi mtihani tu. Jina la avenue (barabara na nyumba zake), la kartie (mtaa) na la kituo cha afya nimeyaacha. Watu ninawaita kwa kazi zao. Hesabu za nyumba nimezisogeza kidogo ili mtu asiitambue familia yake, ila uwiano wake haukuguswa. Mimi mwenyewe nilikuwamo kama karani wa avenue, na mtaona kwamba kosa kubwa zaidi la kufikiri katika kisa hiki lilitoka kinywani mwangu.

Mazingira

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, imekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo hapa ni kazi ya nyundo na patasi, jembe halifiki popote. Maji tunayaona kila siku yanang'aa pale chini ziwani, lakini kuyapandisha ndiyo shida: pampu zinategemea umeme, umeme ukikatika robine (bomba za maji) zinakauka, na watu wanashuka ufukoni na bidoni za lita 20. Asiyeweza kushuka ananunua kwa mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili.

Avenue yetu ilikuwa na nyumba 240 hivi. Nyingi zilichota kwenye ufuko mpana chini ya barabara. Nyumba kama 30 za upande wa pili zilichota penye miamba, karibu na kwao, au zilimnunulia mtu ninayemwita Papa Chukudu, ambaye naye alichota palepale penye miamba.

Kolera si mgeni kwetu. Wazee wanakumbuka Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kolera na kwa kuhara damu, na mawe hayakukubali hata kuchimbwa makaburi. Mama mmoja mzee aliniambia kwamba harufu ya klorini, dawa ya kusafisha maji, kwake ni harufu ya mwaka ule. Neno hilo nililiona dogo wakati ule, na baadaye lilirudi.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna aliyelijua. Wiki moja kabla ya kisa kuanza, kituo cha afya kilipokea wagonjwa watatu kutoka avenue yetu, wanaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Familia zao hazikusema kitu. Nani anataka parseli yake iitwe nyumba ya kolera?

Yaliyotokea

Jumatatu alfajiri, kwenye ufuko mpana, alikuja mama mmoja na meza, ndoo yenye dawa na seringe (bomba la sindano). Kazi yake ni ile tunayoiona mara nyingi ufukoni: unachota, unamwekea bidoni mbele, anavuta kipimo cha klorini, anakimwaga ndani, anakuambia usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hakuna malipo. Watu wakampa jina siku hiyohiyo: Mama Seringe.

Jumatano watoto wawili wakaanza kuharisha. Alhamisi wakawa sita. Ijumaa asubuhi vijana waliipindua ile ndoo, na jiwe moja likampata Mama Seringe kwenye goti. Aliokota meza yake akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, Shefu wa avenue akaita kikao. Nilikuwa na daftari, kwa hiyo maneno haya ninayanakili, sikuyakumbuka tu. Wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima na mpole:

"Mwalimu, sisi pia tunajua kuhesabu. Mbele ya seringe, hakukuwa mugonjwa. Seringe ikakuja, bagonjwa bakakuja. Unatafuta nini tena?"

Mwingine akaongeza kwamba kwenye ile kartie jirani walikoweka meza kama hii mwaka uliotangulia, kolera pia ilikuwako, na kwamba kule juu, mbali na ziwa, ambako hawajawahi kuweka meza, kolera haipo. Mama mmoja akasema baba yake alikunywa maji ya ziwa miaka 70 bila dawa, akafa kwa uzee. Kijana mmoja akasimama na karatasi: alikuwa amepita kuuliza, akakuta wagonjwa 14 katika nyumba zinazochota kwa Mama Seringe, na 5 tu katika nyumba zisizochota kwake. Hapo makofi yakapigwa. Mzee akafunga na methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kisha akasimama Papa Chukudu. Alisema ile dawa haiko sawa. Siku moja maji yananuka mpaka mtoto anatapika, siku nyingine hayanuki kabisa. Alitaka kuendelea. Mimi nikamkatiza: "Papa, wewe unauza maji. Mama Seringe akiondoka, nani anapata faida?" Watu wakacheka. Yeye akachukua kofia yake akatoka.

Nilijisikia mshindi kwa muda wa dakika kumi hivi.

Maamuzi, na kwa nini

Kikao kilikuwa kinaelekea kupiga kura kwa njia mbili tu: meza iondoke kabisa, au Shefu alete polisi irudi kwa nguvu. Shefu, ambaye hakusoma sana lakini amesuluhisha ugomvi wa mipaka ya parseli kwa miaka mingi, ndiye aliyekataa. Alisema hata ugomvi wa ukuta haumalizwi kabla ya kamba kupimwa. Akaomba siku nne za kupima.

Tuliamua mambo matatu. Kwanza, waende watu wawili pamoja, mmoja anayeitetea meza na mmoja anayeipinga. Tukamchagua reko wa avenue na yule kijana mwenye karatasi. Hii ilikuwa ili mtu asije akasema kesho kwamba hesabu ilipikwa. Pili, waingie kila nyumba, yenye mgonjwa na isiyo na mgonjwa. Kijana alikuwa ameuliza wagonjwa tu, na kwa hiyo karatasi yake haikuweza kutuambia watu wangapi walikunywa maji yaleyale wakabaki wazima. Tatu, swali liwe moja kwa wote: siku tano zilizopita ulichota wapi, na aliyeugua alianza siku gani? Siku tano hazikutoka hewani. Mtu akimeza kijidudu cha kolera, ugonjwa hujitokeza kati ya saa chache na siku tano, hivyo anayeharisha Jumatano anaweza kuwa alikimeza Ijumaa ya wiki iliyopita.

Meza ilibaki imefungwa siku hizo. Uamuzi huo niliuunga mkono, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Ufuko ulibaki bila dawa. Lakini kumrudisha mama wa watu penye mawe yanayorushwa halikuwa jambo la kuomba.

Hesabu ya kwanza na hesabu ya pili

Alhamisi daftari likawa tayari. Karatasi ya kijana haikuwa ya uongo: 14 na 5, ni kweli. Ila nyumba zilizosema zinachota kwa Mama Seringe zilikuwa 210, na zisizochota kwake 30. Kwa hiyo upande wa seringe ni mgonjwa mmoja kwa kila nyumba 15, upande mwingine ni mmoja kwa kila nyumba 6. Kijana alitazama daftari muda mrefu, akasema tu, "Kumbe niligawanya kwa hewa." Sijawahi kusikia mtu akilieleza kosa hili vizuri zaidi.

Habari ya wale wagonjwa watatu wa wiki ya nyuma pia ikatoka, kwa sababu reko aliuliza kwa upole na bila kuandika majina.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Jumamosi reko alikwenda kununua maji kwa Papa Chukudu, naye akamwambia lile alilotaka kulisema Jumapili. Mama Seringe anafunga saa nne asubuhi, na anayerudi kazini jioni hamkuti. Papa Chukudu huwa anashuka usiku na anawaona: watu wengi "wa seringe" wanachota gizani, kwenye ufuko uleule, bila tone la dawa. Wakiulizwa wanachota wapi wanasema "kwa Mama Seringe", kwa maana hilo ndilo limekuwa jina la mahali. Na akaongeza: ile seringe alama zake zimefutika, mama anapima kwa jicho.

Tulirudi na swali lililonyooshwa: unachota mchana au usiku? Katika zile nyumba 210, karibu 50 zilichota usiku mara kwa mara. Wagonjwa 8 kati ya 14 walikuwa humo, yaani mmoja kwa kila nyumba 6 hivi, karibu sawa na upande wa miamba. Zile 160 za mchana zilikuwa na wagonjwa 6, mmoja kwa kila nyumba 27 hivi. Hesabu ilinyooka kuliko tulivyostahili, na kwa idadi ndogo namna hii mgonjwa mmoja au wawili wanatosha kuipinda.

Seringe tuliiomba tukaitazama. Alama zilikuwa zimefutika kweli.

Matokeo

Mama Seringe alirudi Jumatatu iliyofuata na seringe mpya. Kituo cha afya kilikubali ajira ya mtu wa pili wa saa kumi hadi saa moja jioni. Walipita pia na kile kipimo cha kidonge kinachogeuza maji kuwa ya pinki pale ambapo klorini imebaki. Maji ya nyumbani yanapaswa kubaki na kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Bidoni nyingi hazikugeuka rangi hata kidogo, ingawa zilitiwa dawa asubuhi, kwa sababu ndani zilikuwa na utelezi wa kijani unaoila dawa yote. Watu wakaonyeshwa kuzitikisa na changarawe na sabuni, jambo ambalo bibi zetu walilijua.

Tukaweka ubao wa mbao karibu na ufuko, wenye safu tatu: mchana, usiku, miamba, na kila safu ina wagonjwa juu na nyumba chini.

Katika wiki mbili zilizofuata waliongezeka wagonjwa 4 tu. Hakuna aliyekufa, ila mama mmoja mzee, yuleyule wa 1994, alilala siku tatu kwenye serumu (dripu). Alikuwa amekataa maji ya dawa kwa ajili ya harufu.

Uchambuzi

Kosa la mzee wa kanisa ndilo la kawaida kuliko yote: hiki kilitangulia, kile kilifuata, basi hiki kimekizaa kile. Lakini hapa lilikuwa na mzizi wa pili. Meza ililetwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshafika. Kolera ndiyo iliyomwita Mama Seringe. Ukisimama rond-point Goma utaona wamotari, waendesha pikipiki, wakivaa makoti mawingu yanapotanda juu ya mlima Nyiragongo, na dakika chache baadaye mvua inanyesha; hakuna anayewapiga wamotari kwa kuleta mvua. Tofauti ni kwamba mawingu yanaonekana na wote, na wale wagonjwa watatu wa kwanza walifichwa. Mzee hakuwa mjinga. Alifikiri sawasawa kwa kile alichokiona, na aibu ya jirani zake ilimnyima kipande kilichokosekana. Hoja ya kartie jirani na ile ya watu wa juu ni ileile imevaa nguo nyingine: meza hupelekwa penye kolera.

Hofu hii si ya Goma peke yake. Mwaka 1831 kolera ilipofika Saint Petersburg, watu waliona madaktari wakienda pale pale kifo kilipo, wakahitimisha kwamba ndio wanaokileta, wakavamia hospitali iliyokuwa kwenye uwanja wa Sennaya.

Hoja ya baba aliyekunywa miaka 70 ni ngumu zaidi kuijibu, maana ni ya kweli. Wengi wanaomeza kijidudu cha kolera hawaugui kabisa au wanaharisha kidogo tu. Na waliokufa hawaji kwenye kikao kusimulia. Sikumjibu yule mama, na nadhani nilifanya vyema: mtu anayemtaja baba yake marehemu haombi somo la hesabu.

Karatasi ya kijana inanikumbusha kazi ya daktari John Snow kule London mwaka 1854. Wengi wanaijua hadithi ya pampu ya Broad Street, lakini kazi yake nzito ilikuwa kulinganisha kampuni mbili za maji zilizohudumia mitaa ileile. Moja ilichota mto Thames mahali pachafu: nyumba 40,046, vifo 1,263. Nyingine ilikuwa imehamishia mdomo wa bomba lake juu ya mto: nyumba 26,107, vifo 98. Snow hakuishia kwenye vifo. Aligawanya, akapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja na 37 upande wa pili. Ndicho alichofanya kijana wetu siku ya Alhamisi, na daftari lake liligharimu faranga chache.

Hadithi ya pampu nayo ina mtego. Mkono wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba, na watu husimulia kwamba kolera ikaisha. Snow mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia mtaa. Ninalisema hili kwa sababu kwetu pia ni rahisi kujipiga kifua: seringe mpya ikaja, kolera ikapungua! Hiyo ni hoja ya mzee wa kanisa imegeuzwa kichwa chini. Wiki ileile umeme ulirudi siku kadhaa na mvua kubwa zikapumzika. Seringe, zamu ya jioni, changarawe, robine, mvua: kipi kilifanya nini, kwa kisa hiki peke yake siwezi kusema.

Sasa kosa langu. Papa Chukudu alikuwa na faida katika meza kuondoka, ndiyo. Hilo lilinipa sababu ya kulichunguza neno lake, halikunipa ruhusa ya kulitupa. Biashara yake ileile ndiyo iliyomshusha ufukoni usiku akaona tusichokiona. Mtu asiye na faida yoyote angekuwa amelala. Kumbe nilipomziba mdomo nilifunga dirisha la pekee lililotazama upande wa giza. Kutoka Jumapili hadi Jumamosi ni siku sita, na katika siku hizo hatukujua lolote kuhusu zile nyumba za usiku.

Kuna kosa lingine nyuma yake, ambalo walimu tunalifanya sana. Kwa kuwa hoja za kikao zilikuwa mbovu, nilidhani kila lililosemwa pale ni upuuzi. Lakini dawa kweli haikupimwa sawa. Mtoto kweli alitapika kwa harufu. Hata methali ya mzee, ambayo haikuthibitisha kitu, iliangukia karibu na ukweli. Nilikuwa nimejifunza kutambua hoja iliyovunjika, sikujifunza kuuliza mwenye hoja ameona nini mpaka akaivunja namna hiyo.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuwatuma wapinzani wawili pamoja. Kijana alibadilika kwa sababu alihesabu kwa miguu yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ningemwonyesha hesabu hiyohiyo nikiwa nimeiandika mimi, angeichana. Mzee wa kanisa hakubadilika. Alisema tu kwamba Mungu amesikia, akaanza kuchota kwa Mama Seringe, na kuna wanaoona kwamba hilo latosha.

Kwa Papa Chukudu nilikwenda kuomba msamaha nyumbani kwake, jioni, tukiwa wawili. Alinipa kiti, akanisikiliza, akasema maneno yaliyotupwa mbele ya watu yanaokotwa mbele ya watu. Nikakubali kuyarudia kwenye kikao kitakachofuata. Shefu hajakiitisha bado.